Jina Mbele ya Anwani

Usiku ule wa kuamkia siku ya kufungua tovuti ya akina mama wafinyanzi wa kwetu, Bibi Tusekile, mama yake mama yangu, alinijia. Marehemu wa siku nyingi, na mimi wala si mtu wa ndoto. Lakini alikuja, udongo mpaka viwikoni, akakalia kiti changu cha kazi kama mwenye nyumba.

"Mume wangu," akanitania kama zamani, "hebu nione kazi yako."

Nikamwonyesha kwa maringo yote. Kila chungu na picha yake, na chini yake kiungo cha barua pepe. Mteja akibofya, barua inafunguka, anwani imeshajazwa, kwake ni kuandika tu. Bibi akabofya kwenye chungu cha mama yangu, naye mmoja wa wafinyanzi hao. Palipo na mpokeaji pakatokea anwani ya kikundi, ile ile ya wote, basi.

"Hii inakwenda kwa nani?"

"Kwa mama, Bibi. Itafika tu."

Mara hatumo tena chumbani. Tuko mnadani, jua la asubuhi, vyungu vyake vimepangwa kwenye nyasi. Wanunuzi wanavigonga kwa kucha, wanavisifu, wanavibeba. "Vyungu vya Kyela hivi, bwana!" wanaambiana. Hakuna anayeuliza kavifinyanga nani. Bibi yangu amesimama pale pale, fundi kuliko mafundi, na hakuna anayemjua. Weee, iliniuma!

Akanigeukia.

"Mimi nimeondoka hivi. Mwanangu asiondoke hivi."

Nikaamka, nikawasha kompyuta. Kazi yenyewe ndogo: ndani ya kiungo unatanguliza jina la mtu, kisha anwani unaifungia kwenye mabano. Nikawaandika wote, chungu kwa chungu. Kulipokucha nikampigia mama, nikamwambia abofye kwenye simu yake.

Nikamsikia anasoma polepole, "Kwa... Atupele... Mfinyanzi."

"Ndiyo, mama. Kila atakayekuandikia ataanza kwa kuliona jina lako."

Kumbe alishatoka nje na simu mkononi, anaita majirani kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Njooni muone! Mimi huyu! Nimeandikwa!"