Mteremko Uliotufundisha Kudaka

Siku ya kwanza nilipocheza besiboli nilidaka mpira kwa sufuria ya mama. Usicheke bado. Mwalimu alikuwa ametuchorea mchezo huo ubaoni, akasema kwa wenyewe mdakaji huvaa glovu nene ya ngozi. Sisi wa mtaa wa Nyakabanda tungeitoa wapi ngozi? Sufuria ilikuwepo, bado inanukia isombe, kisamvu cha jana.

Ilikuwa mwaka wa tisini, nikiwa bado shule ya msingi. Juzi, nikitoka sekondari, nimepita pale tulipochezea nikakuta watu wanajenga. Nikasimama kama mjinga, nikausikia tena ule mlio wa mpira kugonga sufuria, ngwaa! na kilima kizima kikicheka.

Tulipigia mpini wa jembe. Mpira ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, umekazwa kwa kamba hadi ukawa mgumu kama goti. Uwanja wenyewe mteremko: ukikupita mpira, unaufuata mpaka bondeni kwenye viazi vitamu vya watu. Mimi nilisimama chini kabisa, na nilipapenda kuliko kitanda changu. Jioni moshi wa makaa ulipanda polepole, mabati yakageuka dhahabu, nikabaki peke yangu na anga lote, nikingoja kitu kidogo kidondoke kutoka humo.

Tatizo ni kwamba kila kilichodondoka kiligonga sufuria kikaenda zake. Dada wa jirani, mkubwa wetu na mrushaji wetu, akachoka.

"We sha, ndugu yangu, sufuria inadaka. Wewe unafanya nini?"

"Naishika isichoke."

"Basi kesho tukicheza na wale wa juu kilimani, utakaa pembeni na watoto."

Utani ukaisha. Nikamwomba mpaka akakubali kunifundisha jioni ile ile, mikono mitupu.

"Mikono miwili! Kifua nyuma ya mpira! Na kabla haujapigwa, tazama mabega ya mpigaji. Yanasema mapema."

Tangu lini mabega yakasema? Lakini alirusha na kurusha, viganja vikawaka moto, mpaka miguu yangu ikaanza kuondoka kabla sijaituma.

Kesho yake kijana mmoja wa juu alizungusha bega, na miguu yangu hiyo, imeshaondoka. Ndipo nikamwona mama akipanda na beseni la nyanya kichwani, mpira ukimwendea moja kwa moja. Nikaruka. Nikaudaka kwa mikono miwili, nikaanguka miguuni pake.

Kelele za shangwe za siku ile sijazisikia tena. Dada aliolewa, akahamia Masaka. Wale wa juu wananipita njiani wakiwa na sauti nzito, tunasalimiana kama wazee. Na pale nilipokuwa naliangalia anga, sasa kuna msingi wa nyumba ya mtu.

Lakini siku ile mama hakupiga makofi. Alisawazisha beseni, akanitazama pale mavumbini, akasema:

"Kumbe una mbio hivi! Nikikutuma maji, unazifichaga wapi?"