Mlango wa Jiko Langu Ulivyogeuka Gari

Miaka ile ya tisini wanaume wa Ilembo walishikwa na ugonjwa wa vigari. Nasema wanaume, watu wenye ndevu na wajukuu. Mbao, magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi bovu, kamba ya kukatia kona, basi. Mtu anakaa, anasukumwa mara moja, anashuka mteremko hadi Makanyagio. Breki ni kisigino.

Mume wangu alitengeneza chake kwa mlango wa jiko langu. Natoka shamba, nakuta mbuzi wa jirani jikoni anakula unga, na mzee mzima uani kakalia mlango, ananguruma kwa mdomo kama lori.

"Mama watoto, tulia. Jumapili tunashindana; nikishindwa, mlango unarudi. Nikishinda, gari linabaki gari."

"Kwa tumbo hilo? Nenda kaandae bawaba."

Walishindana asubuhi mapema, kabla ya misa, padri asiwaone. Baridi ya Juni ilikuwa kali. Nilikwenda kuchukua mlango wangu, si kingine.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa tayari kwenye chake. Wakamsukuma mume wangu kwa majaribio. Gari halikwenda hata hatua.

"Kaka, umeleta gari au kitanda?" shemeji akapiga kelele. "Shemeji, mpikie uji, tumsubiri!"

Watu wakacheka. Nikachungulia chini. Jana yake alikuwa amelainisha ekseli kwa mafuta yangu ya mawese, na baridi imeyagandisha kama sabuni.

Ningenyamaza, mlango ungekuwa wangu. Lakini yule mzee ni wa kuchekwa na mimi, si na kila mtu. Nikaenda nyumba ya jirani, nikaomba makaa ya moto kwenye kigae, nikayasogeza chini ya ekseli mpaka mawese yakaanza kudondoka.

"Miaka yote unakula mawese, hujui yanaganda?"

"Nilijua ya chunguni tu."

"Kaa vizuri, mjinga wewe."

Mashindano yalipoanza nikamsukuma mwenyewe, kwa hasira zangu zote. Akaondoka na harufu ya mafuta ya moto, kama ya maandazi. Nikajikuta nakimbia nyuma yake, kilemba kimeanguka, napayuka, "Kata kona! Kata, wewe!"

Akampita mdogo wake karibu na maduka ya Makanyagio, akamaliza wa kwanza, akaingia kwenye majani, akatoka vumbi tupu na meno.

"Umeona?"

"Nimeona. Mbuzi naye ataona."

Mlangoni pa jiko nikatundika gunia. Jumapili iliyofuata nilibeba makaa kutoka nyumbani.