Mtakatifu Nyuma ya Moshi

Brigida alipigilia msumari ukutani mwa kanisa la Resina kabla picha yenyewe haijachorwa. Moto wa mlima Vesuvio ulikuwa umefika hadi kwenye ukuta wa shamba lake la mizabibu ukakoma hapo, naye alikuwa amemwahidi Mtakatifu Jenaro ubao wa shukrani, wenye picha ya mtakatifu na yeye akisali, kama wafanyavyo wote walionusurika. Ubao angeuchora Don Saverio, mpangaji wa chumba chake cha juu. Badala ya kodi, picha.

Kipupwe kizima mchoraji huyo alikula makaroni ya Brigida na kunywa divai yake. Usiku alimsikiliza akieleza jinsi mumewe alivyomtoroka na mwanamke wa kisiwa cha Procida. Hayo Brigida hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Siku ya kuchorwa Brigida alipiga magoti uani, nywele amezifumua, kama wanawake wanavyozifumua kwenye maandamano ya toba. Don Saverio akamwambia ainue mikono zaidi. Akainua.

Kisha Don Saverio akahamia Napoli na ubao wa Brigida. Sikukuu ya mtakatifu ilikuwa imekaribia wakati Orsola, jirani muuza mboga, aliporudi kutoka mjini akitabasamu.

"Shoga, nimekuona. Umeanikwa dukani kule Santa Lucia, bega nje."

"Bega la nani?"

"Lako. Hiyo sketi nyekundu naijua, kiraka chake nilishona mimi."

Kesho yake Brigida akaenda. Alijikuta amening'inizwa mlangoni mara nyingi nyingi, picha juu ya picha. Blauzi imemteremka kifuani. Mlima unatapika moto nyuma yake, na pale alipopaswa kuwapo mtakatifu pamejaa moshi. Don Saverio alikuwa ndani, akimhudumia mgeni mmoja mwenye kofia ndefu.

"Don Saverio, mtakatifu wangu yuko wapi?"

"Mama Brigida, wageni hawanunui watakatifu. Wanataka mlima wenye maana. Huu ni moyo wa mwanamke aliyeachwa. Nje kimya, ndani unaungua."

Alisema hivyo bila hata kushusha sauti. Mgeni akaitazama picha, akamtazama Brigida, akavua kofia kidogo na kuinama. Heshima ile ilimuuma kuliko kicheko cha Orsola. Alitaka kusema kwamba yeye ni mwanamke mwenye heshima zake, kwamba alikuwa anasali. Badala yake mikono ilienda yenyewe kukaza kitambaa cha kichwa, ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

"Nifunike basi. Hilo bega tu."

"Bega ndilo linalouza, mama."

Brigida akachukua brashi kwenye kikombe cha rangi nyeupe akajifunika mwenyewe kwenye picha moja, bega na kifua, kwa mkono wa mtu anayepaka chokaa. Akaichomoa picha hiyo akatoka nayo. Don Saverio hakumfuata. Ya nini, na nyingine zipo?

Siku ya sikukuu picha hiyo ilining'inia kanisani kwenye msumari wake. Wanawake walisogea, wakalitazama lile doa jeupe, na kila mmoja alielewa kwamba chini yake kuna kitu. Orsola aliziba mdomo kwa mtandio.

Padri Aniello aliinamia picha kwa muda.

"Brigida, mwanangu, mtakatifu mwenyewe simwoni."

"Yupo, padri," alisema, macho sakafuni, uso ukimwaka mpaka masikioni. "Yuko hapo, nyuma ya moshi."