Salamu Kwanza, Jina Baadaye

Msimu ule kompyuta za ofisi yetu zilikuwa zikitambaa, na bosi alikuwa ameshaamua nani wa kulaumiwa. Tulikuwa Bariadi mjini, kwa mnunuzi mmoja kati ya wengi waliomiminika baada ya biashara ya pamba kuachiwa huria. Mkulima akichoka kusubiri dirishani kwetu, alisukuma mkokoteni wake hadi ng'ambo ya barabara akauza kwa jirani. Wengi walikuwa wameanza kuvuka.

Wa kulaumiwa alikuwa mama wa dirisha la mizani, tuliyemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Akienda kula, kompyuta zote zinakimbia. Akirudi, dirisha la malipo na la mbegu yanaganda. Bosi, mtu wa Dar, alisema mayu hajui kutumia mashine na Jumamosi ataondoka. Mayu alikuwa mjane, na mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe.

Nilichukia. Waya za kompyuta zile nilizivuta mimi mwenyewe, na fundi ninayejua kazi yangu sikubali mashine yangu imfukuzishe mtu. Nilikagua waya. Nilipuliza manyoya ya pamba yaliyojaa kwenye feni. Nilimbadilishia mayu kompyuta mpya kabisa, nayo ikawa ileile. Hapo nikajua ugonjwa hauko kwenye mashine, nikaketi juu ya robota la pamba nyuma ya mayu, nimtazame anavyofanya kazi.

Alifika mzee kutoka Mwamapalala. Mayu akaandika jina lake, ukurasa wake ukafunguka, kisha akaanza kusalimia huku macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

“Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka, mayu.”

Wakaulizana nyumbani, wakaulizana mvua, wakaulizana ng'ombe. Wakatafuta ukoo hadi wakagundua kwamba shangazi wa mmoja aliolewa kijijini kwa mwingine, ikabidi waanze kusalimiana upya kama ndugu. Muda wote huo ukurasa ulikuwa wazi. Programu yetu ilikuwa na kawaida moja: mtu akifungua ukurasa wa mkulima, inawafungia wengine ukurasa huo pamoja na majina yote yaliyo jirani nao. Na huku kwetu majina yanayoanza na Ma ni kama nusu ya wanaume wote. Mayu akimsalimia mmoja, nusu ya Usukuma inasubiri.

Nilicheka peke yangu pale juu ya robota. Kisha nikaenda kwa bosi, nikamweleza.

“Basi salamu napiga marufuku,” alisema.

“Ukipiga marufuku salamu, bosi, pamba yote itavuka barabara. Mkulima hawezi kumwachia jasho lake mtu asiyemuuliza habari za nyumbani. Nipe kesho tu.”

Akanipa, kwa shingo upande.

Asubuhi nilimwomba mayu jambo moja: asiguse kibodi mpaka salamu ziishe. Asalimie atakavyo, amalize, ndipo aandike jina.

“Ni hilo tu?” aliuliza.

“Ni hilo tu, mayu.”

Aliweka mikono mapajani na kuanza kazi. Madirisha mengine hayakuganda tena siku ile, wala Jumamosi, na Jumatatu mayu alikuwa kwenye kiti chake. Bosi akajifanya anakagua mizani. Nilijivuna sana, sitaficha.

Nilidhani nimetengeneza kompyuta, basi. Kisha yule mzee wa Mwamapalala akarudi na mzigo mwingine. Salamu zilipoisha hakusogea. Alimtazama mayu, akasema taratibu, “Mayu, zamani ulikuwa unasalimia hicho kioo. Leo umenisalimia mimi.”

Mayu akainamisha kichwa, kisha akamuuliza jina.