Dobi Aliyeisingizia Sabuni

Kwa ubibi wangu huu, hakuna upele nisioujua kwa kuutupia jicho tu. Wa dobi huyu, jirani yangu, niliutangaza mtaa mzima kuwa ni tetekuwanga. Haukuwa.

Saa kumi na mbili asubuhi yuko uani, mikono imezama kwenye karai la mashuka ya nyumba ya wageni. Anasugua huku akipiga mluzi. Mikono mizima, laini kuliko yangu.

Mwezi uliopita mikono hiyohiyo ilijaa mabaka mekundu, yakapanda mpaka kifuani.

"Nilijikuna hadi nikaona haya mbele za watu," anasema. "Nikajua sabuni imenikataa. Sasa dobi akikataliwa na sabuni, afanye kazi gani? Mimi hata chai siwezi kupika."

"Hilo kweli," mkewe anadakia, pasi mkononi.

Akabadilisha sabuni. Akafua kwa maji matupu, wateja wakarudisha mashati yananuka kikwapa kilekile. Akavaa glavu, upele ukamfika shingoni. Akaanza kuuza makarai.

Vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu, alivyoanza kumeza siku chache kabla ya mabaka, hakuna aliyevishuku.

"Vinamezwa, bibi, havipakwi," anajitetea kwangu. "Ningejuaje?"

Asubuhi moja akaamka midomo imevimba. Mkewe akamkokota hospitali. Daktari akaisikiliza kesi yote ya sabuni, kisha akauliza, "Baba, unatumia dawa gani?"

Basi, kumbe ni mzio wa dawa. Daktari akaisimamisha, akampa ya kutuliza mzio. Mabaka yalipoisha akamwanzishia ya aina nyingine, na onyo: ukiona dalili tena, njoo mbio, usijitibu.

"Nilicheka, nikalia, palepale kitini," dobi anasema. "Sabuni haina kosa! Nilirudi nyumbani nikaiomba radhi."

"Mimi hajawahi kuniomba," mkewe anasema.

Makarai ameyakomboa. Sasa anataka kuezeka ua, afue hata mvua ikinyesha.

Na chakula? namuuliza. Maana daktari alimpiga marufuku vya kukaanga. Dobi anaweka mkono kifuani.

"Bibi, tangu siku ile ni mboga za kuchemsha tu. Mafuta nayaona dukani."

Mkewe amechukua koti la kazi la mumewe alitie majini. Anapekua mifuko kwanza, kama wafanyavyo kwa nguo ya kila mteja. Anatoa paja la kuku wa kukaanga, limeng'atwa upande mmoja.

"Mume wangu," anauliza, "hili la mteja gani?"