Mtungi wa Buluu wa Wambeti

Kabla Ednah hajaolewa katika boma la mzee Mbaka, juu kule Kairuri, Wambeti hakuwa na mpinzani. Yeye alikuwa mke wa mwana mkubwa, na katika boma lile wageni wa posa wakija, mke wa mwana mkubwa ndiye humimina uji wa kwanza. Msidhani ni jambo dogo. Kata ya kwanza ikinoga, mazungumzo hulainika. Ikichukiza, wageni hukumbuka ghafla kwamba safari ya kurudi ni ndefu. Miaka yote Wambeti alimimina, na watu wakalamba midomo.

Kilichombeba ni kibuyu. Mama yake alikipanda nyanda za chini za Mbeere, kwenye jua lisilo na huruma, akakikausha darini, akampa siku alipoolewa. Wambeti alikiosha kama alivyofundishwa: maji moto, konzi ya kokoto, tikisa mpaka mkono ufe ganzi, kisha moshi wa kijiti kilichoungua. Uji wa uwele ukilala humo, asubuhi unaamka na ukali wa kumfanya mgonjwa akae kitako.

Halafu mwana mdogo akamleta Ednah kutoka mtaa wa Majimbo, Embu mjini, na Ednah akaja na mitungi yake ya plastiki ya buluu. Ilikuwa ya kuchotea maji tu. Lakini Pasaka ya mwaka 1996 mama mkwe wao, Wamuyu, aliuinua mmoja kwa vidole viwili, akacheka kama msichana.

"Hii ni nyepesi sana. Huyu mtoto ametupumzisha mgongo," akasema. Kisha, bila hata kumtazama Wambeti, akaongeza, "Wageni wa Phyllis wakija kutoka Kiirua, tutaona nani atamimina."

Phyllis alikuwa kitinda mimba wa boma, naye ndiye aliyekuwa akiposwa. Na Wambeti, tusimtafutie jina la adabu, alishikwa na wivu. Alimwonea Ednah wivu kwa mitungi, kwa viatu vya kisigino, kwa jinsi Wamuyu alivyomwita "huyu mtoto" wakati yeye aliitwa tu "wewe". Hakulala vizuri. Akikoroga chungu, alimwona Ednah ndani ya chungu.

"Baba Njuki, nataka mtungi," alimwambia mume wake, Njoka. "Kubwa kushinda ya huyo wa Majimbo."

"Na kibuyu?"

"Hiyo ni ya kizamani."

Njoka alijua vita vya kuepuka. Jumamosi akashuka mjini, akarudi na mtungi mpya, mkubwa, wa buluu iliyokolea. Kipya kinyemi, walisema wahenga, kingawa kidonda. Wambeti aliuweka mlangoni, mahali ambapo mtu hawezi kuingia jikoni bila kuuona. Kibuyu cha mama yake akakitupa kando ya banda la kuku.

Ednah ndiye aliyekiona, siku amekuja kuomba chumvi. Alikiokota, akakipangusa mavumbi kwa leso yake.

"Mama Njuki, hii kibuyu huitaki?"

"Chukua. Hata kuku wameikataa."

"Nichukue kweli?"

"Si nimesema?" Na moyoni Wambeti akafurahi, kwa kuwa alimwona mtu wa mjini anaokota alichotupa yeye.

Shida ikabaki moja. Mtungi ulinuka. Ulinuka duka, ulinuka jua, na uji wa kujaribia alioutia humo ukanuka vilevile. Wambeti hakushtuka, mama yake hakumfundisha kazi ya bure. Akatia maji ya moto na kokoto, akatikisa. Maji yakatoka na vijichembe vya buluu. Alidhani ni uchafu unatoka, akaridhika, akaongeza kokoto. Kadiri alivyotikisa ndivyo "uchafu" ulivyozidi, naye akazidi kujisifu kwa kuwa hodari wa kuosha. Kibuyu kikikwanguliwa hutakata. Plastiki ikikwanguliwa hujitoa yenyewe kidogo kidogo, lakini hilo nani angemwambia, na yeye haulizi?

Siku ya wageni ikafika. Msemaji wao, mzee Thuranira, alikuwa mtu wa Kiirua mwenye koti zito na macho yasiyokosa kitu. Wamuyu akampa Wambeti ishara. Mtungi mkubwa ulikuwa umevuta macho ya watu wote, na Wambeti akamimina kata ya kwanza huku akitabasamu.

Thuranira akanywa kidogo. Akasita. Akaingiza kidole mdomoni, akatoa kitu, akakiweka kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa chembe ya buluu. Akatazama ndani ya kata, akaona nyingine zinaelea juu ya uji mweupe.

"Huku kwenu," aliuliza taratibu, "uji huwekwa nini?"

Wambeti alitazama mtungi, kisha chembe, kisha mtungi, na ndipo akaelewa ule uchafu ulikuwa nini. Phyllis alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yako karibu.

Ednah akainuka. Alirudi kutoka jikoni kwake amekumbatia kile kibuyu, kimejaa uji, kimeng'aa, kinanukia moshi.

"Pole, mzee. Iko ingine," alisema, akageuka kwa Wamuyu. "Mama, mimi kitu moto siweki kwa plastiki, ladha yake inaingia kwa chakula. Mitungi yangu ni ya maji baridi tu. Uji nimekuwa nikishindwa, ya Mama Njuki inaisha na yangu inabaki. Nikaona siri ni hii kibuyu. Lakini ni yake, hii. Yeye ndiye anamimina."

Akamkabidhi mbele ya watu wote.

Wambeti alikipokea kibuyu cha mama yake. Alipaswa kushukuru, na mdomo wake ulishukuru. Lakini ndani wivu ulipanda upya, mbaya kuliko ule wa mitungi, maana sasa alimwonea Ednah wivu hata kwa wema wake. Akamimina. Thuranira akanywa, akafuta masharubu, akasogeza kata apewe tena, na Phyllis akainua kichwa.

Tone moja lilimdondokea Wambeti kidoleni. Akalilamba upesi, akiomba Mungu walau uji uwe umechacha vibaya, walau uwe mwepesi, walau uwe na jivu.

Ulikuwa mtamu kuliko wake. Akajaza kata ya pili.