Mzee wa Zeze na Fundi wa Spika

Juzi nilikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa Dodoma mjini, wakisubiriwa wageni wa huu uwekezaji tunaohubiriwa kila siku. Kabla hawajaingia, fundi mitambo alimwita mzee mmoja wa Haneti aliyekuja na zeze lake. Mzee huyo ndiye aliyepiga kwenye harusi ya wazazi wangu, na watu walitoka Hombolo kwa miguu kumsikiliza.

"Mzee, hebu piga kidogo tujaribu spika."

Mzee akapaka utomvu kwenye upinde, akatega sikio, akakaza uzi mmoja, akaulegeza kidogo, akaukaza tena. Alipoanza kupiga, wapishi walitoka jikoni na miiko mikononi.

"Inatosha! Spika ziko sawa," fundi akamkatisha, akaweka kaseti ya fidla kutoka Ulaya. "Wageni wanataka muziki wa kistaarabu."

Wa kistaarabu! Fidla naipenda, na aliyepiga kwenye kaseti ile ni bingwa kwelikweli. Lakini bingwa wetu yuko hai, amekaa mbele yetu, na sisi tunamtumia kupimia mitambo!

Nilimfuata nje, akiwa analifunga zeze kwenye khanga.

"Shikamoo, mzee. Ule wimbo unaitwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Wimbo nilikuwa sijaanza. Nilikuwa bado nawasalimia."

Na tunavyojisifu kwa shikamoo zetu! Mzee mzima alitusalimia ukumbi mzima, tukamwitikia kwamba spika ziko sawa.